Kibali cha Ngazi ya Nne

JUMATATU, SAA 9:20 ALASIRI

Chumba cha nyuma kilinuka gundi na vumbi la sponji. Mbele, dukani, viti vya ofisi vilivyochanika vilisubiri kitambaa kipya. Huku nyuma wanaume wanne walizunguka ubao uliolazwa juu ya ndoo mbili. Chaki ilikuwa mkononi mwa Ramani.

Ramani ni jina walilompa wao. Mwenyewe hakulipenda wala hakulichukia. Tangu mkewe azikwe, miezi kumi na moja iliyopita, hakuna alichokipenda wala alichokichukia. Alikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yake. Alilala kwa sababu taa ilikuwa imezimwa.

"Anza," alisema Mwalimu.

Mwalimu ndiye mwenye duka. Aliwahi kufundisha hesabu kabla ya kuanza kushona viti, na mpaka leo aliongea kama mtu anayengoja mwanafunzi akosee. Kulia kwake alikaa Kufuli, bonge la mtu, maneno kumi kwa siku, bastola kiunoni chini ya fulana. Kushoto alikaa Shemeji, dereva. Huyu alikuwa kaka wa marehemu. Ramani alimwita Shemeji siku zote, na kundi zima likafuata.

Ramani akaanza. Kampuni ya kusambaza dawa ilikuwa imemwajiri kwa mkataba wa miezi minne apange mtandao wake wa ndani. Si ule mtandao wa dunia nzima. Huu ni wa wafanyakazi peke yao, na kazi yenyewe si mitambo sana. Kazi ni kuamua nani anaingia, nani anasoma nini, nani anabadilisha nini, na nani asijue hata kama kitu fulani kipo.

Akachora mistari mitano, mmoja juu ya mwingine, kama rafu za kabati.

Rafu ya chini ilikuwa ya kila mtu: matangazo, fomu za likizo, namba za simu za ofisi. Hata mfagiaji anaingia. Ya pili, wakuu wa vitengo: ratiba na ripoti. Ya tatu, watu wa ghala: dawa ipi ipo, katoni ngapi, chumba baridi kina nyuzi ngapi. Ya nne ndiyo waliyoitaka. Kibali cha kutoa mzigo. Mwenye ngazi ya nne akibonyeza, mlinzi wa getini anaona namba ya gari kwenye tableti yake, imekolea kijani, na anainua chuma cha geti. Haulizi. Hakuajiriwa aulize.

"Wangapi wako hapo?" Mwalimu akauliza.

"Wawili. Meneja na Mama Ghala."

"Na hiyo ya juu kabisa?"

"Mimi. Mpaka Ijumaa saa sita mchana. Nikishakabidhi, natoka."

Anayepanga ngazi anaweza kuvaa kofia ya yeyote, yaani kuingia kwa jina lake. Ijumaa asubuhi mtandao wa zamani ungezimwa, mpya ungewashwa, na wafanyakazi wote wangekaa ukumbini kufundishwa namna ya kuutumia. Uwanja wa kupakilia ungebaki na mlinzi mmoja na wapakizi wawili. Katika saa hiyo moja Ramani angetoa kibali cha katoni sitini na nne za dawa ya saratani. Gari la jokofu lingeingia waziwazi, lingepakiwa na wapakizi wa kampuni wenyewe, lingetoka waziwazi. Mnunuzi alikuwa ng'ambo ya mpaka.

Mwalimu aliuliza kibali kingetoka kwa jina la nani. Akajijibu mwenyewe. Meneja angekuwa ukumbini, mbele ya macho mia. Mama Ghala ameomba likizo siku hiyo, anampeleka mumewe kliniki ya macho. Atakuwa na mumewe tu, hana shahidi wa maana.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, akapangusa vumbi la sponji mikononi.

Shemeji alitema mate sakafuni. Yeye alimjua Mama Ghala kwa sauti tu. Ndiye aliyemjibu Shemeji alipopiga simu kuomba dawa hiyohiyo mwaka jana, dada yake akiwa kitandani, akasema hakuna. Shemeji hakuwahi kuamini. Dawa ilikuwepo, alisema kila alipolewa na kila alipokuwa mzima; ilikuwepo rafuni, ila jina la dada yake halikuwepo kwenye orodha ya wakubwa.

"Kwa jina lake ni sawa," alisema Shemeji.

Wote wakamtazama Ramani. Ramani alitazama ile rafu ya nne. Akasema ni sawa, kama mtu anayekubali chai.

JUMANNE, SAA 4:05 ASUBUHI

Ofisi ya Mama Ghala ilikuwa kibanda cha vioo mlangoni mwa ghala. Miaka ishirini na sita ndani ya kibanda kile. Aliwajua wapakizi kwa sauti za viatu vyao.

Ramani aliwauliza watu wote maswali matatu yaleyale. Unahitaji kusoma nini. Unahitaji kubadilisha nini. Kipi hutaki mwingine akiguse. Swali la tatu ndilo lililowafungua watu. Mhasibu alilalamika dakika arobaini juu ya mhasibu mwenzake. Karani wa mapokezi alitaka picha yake tu ibadilishwe. Mama Ghala yeye alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akafikiri.

Alisema yeye si mtu wa mambo mengi. Zamani kibali kilikuwa karatasi. Karatasi aliisaini kwa mkono wake, na mkono wake aliuona. Sasa anaambiwa jina lake litakuwa ndani ya mashine, na mashine haina mkono.

"Nataka kitu kimoja, mwanangu. Kila kibali kikitoka kwa jina langu, simu yangu iniambie. Hata kama nimekitoa mwenyewe. Inawezekana?"

"Inawezekana, mama."

"Haitakusumbua?"

"Ni kuiandikia mashine mstari mmoja tu."

Akauandika kwenye daftari lake, na jioni hiyo akauweka ndani ya mtandao, akaujaribu, ukafanya kazi. Mama Ghala alimpigia kumshukuru. Ramani aliisikiliza ile shukrani mpaka mwisho, akaweka simu mezani, akaendelea na ngazi ya pili.

ALHAMISI, SAA 7:30 MCHANA

Dukani, Mwalimu alirudia kila kitu tangu mwanzo. Namba ya gari. Makoti meupe mawili. Mlango wa chumba baridi unafunguka kwa kadi, na kadi za wapakizi siku ya kwanza hazitasoma, kwa hiyo Ramani atashuka kufungua mwenyewe. Mzigo ukitoka, Ramani apitie mlango wa nyuma, atembee hadi kituo cha basi kilicho mkabala na kiwanda cha magodoro. Angoje hapo. Kufuli atamfuata.

Kisha akauliza la mwisho.

"Kuna kengele yoyote humo ndani? Kitu chochote cha kumwamsha mtu?"

"Hakuna," alisema Ramani.

Baadaye alijaribu kukumbuka kwa nini alijibu hivyo. Hakuwa amesahau. Ule mstari aliuona mbele ya macho yake, mahali ulipo, kwa herufi zake. Kuufuta ni kazi ya kupepesa jicho. Lakini uliombwa, ukapangwa, ukawekwa, na mtu akashukuru. Mkono wake haukwenda.

Shemeji alimrudisha mjini kwa gari. Njia nzima alizungumza habari za dada yake, alivyokuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, mpaka kichekesho kinapotea. Alisema kesho haki yake italipwa. Ramani alitazama dirishani.

Kulikuwa na jambo alilolijua na Shemeji hakulijua. Mwezi wa pili wa kazi alihamisha rekodi za zamani kwenda mtandao mpya. Akafika wiki zile. Alikaa na skrini ile muda mrefu. Kwa wiki tatu nzima, rafu ya dawa ile ilisoma sifuri. Meli ilichelewa. Hapakuwa na orodha ya wakubwa. Hapakuwa na katoni iliyofichwa. Hapakuwa na kitu. Mama Ghala alisema kweli kwenye simu, na hata alikuwa ameandika maagizo manne ya dharura, moja kila siku tano, yote bila majibu.

Hakumwambia Shemeji. Mtu amekalia kiti chenye mguu mmoja, humwambii huo nao umeoza.

Gari likasimama kwenye taa nyekundu. Shemeji alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Kesho usiende pale kituoni," alisema.

"Mwalimu amesema niende."

"Najua alichosema. Usiende."

Taa ikageuka kijani. Wa nyuma akapiga honi. Shemeji akaondoa gari, na Ramani hakuuliza, kwa sababu jibu lilikuwa wazi kama hesabu ya darasa la kwanza. Mtu mmoja tu duniani angeweza kuthibitisha kwamba kibali kile hakukitoa Mama Ghala. Huyo mtu akitoweka, hesabu inafunga. Kufuli hakuwa anamfuata ili wapande basi.

Ramani alijitafuta ndani kama ana hofu. Akapekua vizuri. Hakuikuta.

IJUMAA, SAA 1:50 ASUBUHI

Mtandao wa zamani ulizimwa. Mahali pake, kwenye kila kompyuta ya jengo, ukatokea ukurasa mweupe wenye nembo ya kampuni na salamu aliyoiandika Meneja. Watu walichungulia, wakatania, wakatafuta fomu za likizo kwanza.

SAA 2:30

Ukumbi ulijaa. Ramani aliuunganisha mtandao na skrini kubwa ya mbele, akamkabidhi Meneja kipaza sauti, akapanda ghorofani kwenye chumba cha seva. Kilikuwa chumba chembamba, chenye mvumo wa feni na baridi ya kukausha midomo. Akaketi.

SAA 2:36

Alivaa kofia ya Mama Ghala. Akajaza dawa, idadi, namba ya gari, jina la dereva wa uongo. Kidole kikakaa juu ya kitufe. Akabonyeza.

Chini ya kibali, kwa herufi ndogo za kijivu, mstari ukajiandika: ujumbe umetumwa.

Aliusoma. Kliniki ya macho ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa teksi. Pengine simu yake imezimwa. Pengine amempa mjukuu acheze. Ramani alifunga skrini, akachukua kadi yake.

SAA 2:45

Gari la jokofu lilifika getini. Kamera ilimwonyesha Shemeji akiteremsha kioo, amevaa koti jeupe, na mlinzi akitazama tableti yake kama mtu anayetazama kitu kipya cha dukani. Kijani. Mlinzi alitabasamu. Labda alifurahi kwamba kinafanya kazi. Chuma kikapanda.

SAA 2:52

Kadi za wapakizi zilikataa, kama ilivyopangwa. Ramani akashuka, akagusisha yake, mlango wa chumba baridi ukafunguka na kutoa mvuke. Wapakizi walimshukuru. Mmoja alisema mambo ya kisasa ni matamu lakini yana maringo. Kufuli alisimama nyuma ya gari, mikono mfukoni, utingo mvivu kama watingo wengine.

Katoni ya kwanza ikapita. Ya pili. Walizipitisha mkono kwa mkono, na Ramani alijikuta anahesabu. Kila katoni ilikuwa na karatasi ya hospitali inayoingoja. Alizijua hospitali zile kwa majina. Alikuwa amezipanga mwenyewe, kwa alfabeti.

SAA 3:14

Katoni ya hamsini na nane ilikuwa inaingia garini wakati Mama Ghala alipoingia uwanjani.

Alikuwa na gauni la nyumbani, mkoba begani, viatu vya kutokea. Alikuwa anahema. Simu aliishika mbele yake kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Mlinzi alikuwa amempungia mkono tu. Miaka ishirini na sita, nani amzuie.

Alilitazama gari. Akawatazama wanaume wawili wa makoti meupe, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwona Ramani, na uso wake ukatulia kidogo, kwamba angalau kuna mtu anayemjua.

"Mwanangu, nani anatoa mzigo kwa jina langu?"

Kufuli alitoa bastola. Hakuinua sauti. Aliwaambia wapakizi waingie chumba baridi, wakaingia, akausukuma mlango kwa mguu. Akamwambia Mama Ghala akae chini. Mama Ghala hakukaa. Magoti yake hayakuwa ya kukaa sakafuni, alisema.

Shemeji alitakiwa awe ndani ya gari wakati huo, injini inawaka. Badala yake alishuka. Alimwendea yule mama mpaka zikabaki hatua mbili tu kati yao.

"Wewe ndiye uliyesema hakuna," alisema Shemeji.

Mama Ghala alimtazama kwa makini, akimtafuta.

"Nimesema hakuna mara nyingi, baba. Wako ni yupi?"

"Dada yangu. Mwaka jana, mwezi wa sita. Ulisema hakuna na ilikuwepo."

"Haikuwepo," alisema Ramani.

Sauti yake ilitoka ya kawaida, kama anajibu swali la kikao. Shemeji akageuka.

"Nimezifungua rekodi zote. Wiki zile tatu rafu ilikuwa sifuri. Huyu mama aliandika mara nne kuomba. Alikwambia kweli."

"Umejua tangu lini?"

"Huu mwezi wa pili."

"Miezi miwili. Umekaa na mimi, unakula na mimi, unajua."

"Ulikuwa na mtu wa kumchukia. Mimi sikuwa na kitu kingine cha kukupa."

Kufuli alisema hadithi zimetosha. Alimwamuru Shemeji apande gari, akaanza kuufunga mlango wa nyuma kwa mkono mmoja. Katoni sita zilibaki sakafuni. Hapo Mama Ghala akafanya kitu ambacho mtu mwenye akili ya kujiokoa hafanyi. Alinyoosha mkono ukutani, kwenye kitufe chekundu cha kuteremsha lango la chuma, akakibonyeza. Ghala lilikuwa lake. Lango likaanza kushuka.

Kufuli akafyatua.

Mlio uligonga kuta zote. Mama Ghala alikaa chini hatimaye, polepole, mgongo ukiteleza ukutani, na ukutani ukabaki mstari.

SAA 3:19

Shemeji alikuwa usukanini. Ramani hakumwona akipanda. Lango lilikuwa limekaribia usawa wa paa la gari. Kufuli alirukia ubao wa pembeni wa gari, mguu mmoja juu, mmoja bado chini, akamwita Ramani apande. Ramani hakusogea. Basi Kufuli akaielekeza bastola kwake, bila hasira. Kituo cha basi au hapa, kazi ni ileile.

Ramani aliutazama mdomo wa bastola. Akakumbuka kwamba hajalipia kabati la vitabu la mkewe alilolipeleka kwa seremala. Ndilo wazo lililokuja.

Gari likaruka.

Shemeji alikanyaga mafuta kwa ghafla, gia kali, na Kufuli akabaki hewani. Risasi ilikwenda darini. Mwili wake ulipiga ukingo wa jukwaa la kupakilia, nyonga kwanza, halafu kichwa, na bastola ikateleza mpaka chini ya toroli. Gari lilipita chini ya lango likikwaruza paa. Getini tableti ilikuwa bado kijani. Mlinzi, ambaye alikuwa anakimbilia ghalani, alikuwa ameacha chuma juu.

Ramani alipiga magoti karibu na Mama Ghala. Risasi ilikuwa imeingia chini ya mfupa wa bega. Alivua koti lake, akalikunja, akabana kwa viganja vyote viwili. Damu ilikuwa ya moto. Aliihisi hiyo. Ilikuwa ya moto sana.

Mama Ghala alifumbua macho.

"Ule ujumbe," alisema. "Ulifika."

"Najua, mama."

"Wewe ni fundi mzuri."

Alibana zaidi. Toka ukumbini viatu vilikuwa vinakuja mbio, vingi.

SAA 8:40 MCHANA

Walimpa chumba chenye meza, viti viwili na dirisha refu. Mpelelezi alikuwa mwanamke mwenye mafua, leso mkononi, daftari lililojaa. Aliongea naye kwa heshima. Hilo ndilo lililomshangaza Ramani mwanzoni, mpaka akaelewa. Alikuwa shujaa. Watu mia walimkuta amemkumbatia mama yule, ameloa damu mpaka viwiko.

Mpelelezi alimweleza walipofikia. Yule aliyeanguka yuko hospitali, hajitambui, na madaktari hawaahidi. Wapakizi wako salama, wamepewa chai. Gari limepatikana. Halikwenda mpakani. Lilipelekwa mlango wa nyuma wa hospitali kuu, likaegeshwa kwenye famasi, injini imeachwa inawaka ili baridi isikatike. Dereva alimwita muuguzi, akamwambia kuna mzigo wao humu, wahesabu. Kisha akakaa kwenye ngazi mpaka askari wakafika.

"Ni shemeji yako," alisema. "Tumejua."

Ramani akaitikia kwa kichwa.

"Amekiri. Anasema yeye na yule mwenye bastola, basi. Anasema hakuna mwingine, na wewe hukujua lolote mpaka ulipowakuta pale chini. Amerudia hilo mara tano. Sijamuuliza mara tano."

Alipenga kamasi, akageuza ukurasa. Lililobaki, alisema, ni kibali. Mashine inaonyesha jina la Mama Ghala, saa mbili na dakika thelathini na sita. Meneja amethibitisha kwamba wenye uwezo huo ni wawili tu, na yeye alikuwa ukumbini. Mama mwenyewe alikuwa likizo, halafu akatokea katikati ya tukio. Wezi wenzake wanaweza kugombana naye na kumpiga risasi; yametokea. Amefanyiwa upasuaji, ataishi. Amefungwa pingu kitandani.

"Pingu mkono upi?" Ramani akauliza.

Mpelelezi alimtazama.

"Ule mzima. Kwa nini?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Koridoni askari mmoja alikuwa anakula karanga. Hakuna aliyemzuia. Angesema amechoka, wangempa gari hadi nyumbani. Mwalimu, huko dukani, pengine alikuwa anagonga misumari kwenye kiti cha mtu wakati huo, akisubiri kuona hesabu imefunga au la. Ilikuwa imefunga. Tena vizuri kuliko alivyopanga. Shemeji alikuwa amemlipia Ramani njia ya kutokea, mara mbili kwa siku moja, na njia hiyo ilipita juu ya kifua cha mwanamke mwenye pingu.

Alijua pia kwamba akisema, uongo wa Shemeji hautamsaidia yeyote. Utakuwa umepotea bure. Hilo lilimuuma. Akangoja maumivu yapite, hayakupita.

"Wenye uwezo si wawili," alisema. "Ni watatu. Wa tatu haonekani kwenye orodha ya Meneja kwa sababu ndiye aliyeitengeneza."

Kalamu ya mpelelezi ilisimama.

"Kibali nilikitoa mimi. Nilitumia jina lake kwa sababu hakuwepo. Mpango uliwekwa Jumatatu, kwenye duka la viti nyuma ya soko la mbao, na mwenye duka ndiye kiongozi. Yule dereva amedanganya kunihusu. Kwa mengine mwaminini." Akaongeza: "Mama afunguliwe kwanza. Nitaongea yote, lakini afunguliwe kwanza, nisikie mkipiga simu."

Mpelelezi akachukua simu, akapiga, akasema maneno machache, akangoja, akasema, "Ndiyo, sasa hivi." Akaiweka mezani kati yao. Askari wa koridoni alikuwa ameacha karanga zake, amesimama mlangoni.

Mpelelezi alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu.

"Jina lako kamili," alisema.

Akamtajia yote matatu, polepole, ili aandike bila kukosea.